Maswali ya Wasomaji: Gari la Umeme, Uniti Ngapi kwa Kilomita Ngapi?

Tangu magari ya umeme yaliyotumika Japani yaanze kuonekana katika mitaa ya miji yetu, barua zinazofika kwenye safu hii zimebadilika. Zamani wasomaji waliuliza kuhusu oili, plagi na klachi. Sasa wanauliza kwa nini gari lililotangazwa kuwa linakwenda kilomita 200 linaishia 110, na kwa nini masafa yake hayafanani leo na kesho. Nimechagua barua chache ambazo majibu yake yanasaidiana. Ombi langu kwa msomaji ni kwamba tunapozungumza juu ya masafa, tuhesabu kwa uniti. Uniti moja unayonunua kwa LUKU nchini Tanzania, au kwa tokeni nchini Kenya, ni kilowati-saa moja, na betri ya gari hupimwa kwa kipimo hichohicho. Anayejua gari lake linabeba uniti ngapi, na linakwenda kilomita ngapi kwa uniti moja, anaweza kujua kama atafika kabla hajatoka nyumbani.

Shikamoo Mhandisi. Nimenunua Nissan Leaf ya mwaka 2011 iliyotumika Japani. Tangazo lilisema inakwenda kilomita 200 kwa chaji moja. Nikichaji mpaka mwisho dashibodi inaonyesha kilomita 110, na kesho yake inaonyesha 96 ingawa nimechaji vilevile. Vile vipande vidogo vilivyo pembeni mwa kipimo cha chaji vimebaki tisa. Je, nimetapeliwa? — Msomaji wa Kimara, Dar es Salaam

Marahaba. Namba ya 200 haikubuniwa na muuzaji, ila hukupaswa kuuziwa gari kwa namba hiyo. Ilitoka kwenye kipimo rasmi cha Japani kilichoitwa JC08, ambacho mwendo wake wa wastani ulikuwa kama kilomita 24 kwa saa, na hata pale gari lilipokimbizwa zaidi halikuzidi kilomita 82 kwa saa. Gari hilohilo lilipopimwa Marekani kwa utaratibu wa wakala wa mazingira wa serikali, EPA, ambao unakaribia zaidi uendeshaji wa watu wa kawaida, lilipewa maili 73, yaani kama kilomita 117. Mara zote mbili gari lilikuwa jipya na betri ilikuwa ileile. Kilichotofautiana ni namna ya kuliendesha na kulipima.

Sasa ongeza umri. Betri ya gari lako ilipotoka kiwandani ilikuwa ya uniti 24, na katika hizo dereva aliweza kutumia kama 21, kwa kuwa kompyuta huzuia kiasi fulani ili seli zisijae kupita kiasi wala kukauka kabisa. Vile vipande pembeni mwa kipimo huonyesha afya ya betri, wala havihusiani na chaji ya siku hiyo. Gari jipya huwa navyo 12. Cha kwanza hupotea uwezo wa betri unapopungua kwa kama asilimia 15, na baada ya hapo kila kinachopotea huwakilisha kama asilimia 6. Vipande tisa maana yake ni kwamba betri imebaki na takribani asilimia 70 ya uwezo wake, kwa hiyo unatembea na uniti 15 hivi. Ukienda kilomita 7 kwa uniti, ambao ni mwendo wa kawaida kwa gari hilo mjini, unapata kilomita 105. Dashibodi yako haikudanganyi.

Joto ndilo adui mkubwa wa betri ya aina hii, kwa sababu Leaf kama yako haina mfumo wa maji wa kuipoza betri. Mwaka 2012 wamiliki wa gari hilihili katika jimbo la Arizona, Marekani, ambako joto la kiangazi ni kali, walilalamika kwamba vipande vyao vilikuwa vinapotea mapema mno. Kwa anayeishi Dar es Salaam hilo ni jambo la kutiliwa maanani: liegeshe gari kivulini, na usiliache limejaa chaji mchana kutwa juani.

Ama kuhusu 110 kuwa 96, kilomita zinazoonyeshwa kwenye dashibodi ni makisio tu. Kompyuta hutazama ulivyoendesha siku za karibuni, kisha hukisia kwamba utaendelea vivyo hivyo. Kama jana ulishinda kwenye foleni huku kiyoyozi kikiwaka, leo itakukisia kidogo. Achana na namba hiyo; tafuta kwenye skrini wastani wa kilomita kwa uniti, urudishe kwenye sifuri kila unapochaji, na baada ya wiki chache utalifahamu gari lako kwa hakika. Na kwa wanaotarajia kununua: vile vipande vinaweza kurudishwa kwa muda na mtu anayechezea kompyuta ya betri, hivyo mpeleke fundi mwenye kifaa cha kuchomeka kwenye soketi ya ukaguzi iliyo chini ya usukani, asome afya ya betri mwenyewe kabla hujatoa fedha.

Habari Mhandisi. Mimi ni dereva wa teksi. Gari hili halina klachi wala gia za kubadilisha, lakini likitoka kwenye taa linayaacha magari yenye injini kubwa. Nguvu hizo zinatoka wapi, na betri yenyewe inasemekana ni ndogo? — Msomaji wa Nairobi

Betri hutoa umeme wa mkondo mnyoofu. Katika Leaf ya kwanza ni seli 192 zilizounganishwa kufikia volti 360 hivi. Umeme huo huingia kwenye inveta, kifaa kinachougeuza kuwa mkondo geu wa fezi tatu, na fezi hizo zikipita kwenye koili za mota hutengeneza uga wa sumaku unaozunguka. Katikati ya mota kuna mhimili wenye sumaku za kudumu, nao huufuata uga huo popote unapozunguka. Unapokanyaga pedali unaiambia inveta iongeze mkondo, na kadiri mwendo unavyopanda inveta hubadilisha fezi kwa haraka zaidi. Ukitaka kurudi nyuma, uga huzungushwa upande wa pili. Gia ya rivasi haipo kabisa.

Injini ya petroli haina nguvu ya maana mpaka izunguke mara elfu moja au mbili kwa dakika, ndiyo sababu ya klachi na gia zote zile. Mota hutoa msokoto wake wote, yaani nguvu ya kuzungusha, ikiwa bado imesimama, na inaweza kuzunguka zaidi ya mara elfu kumi kwa dakika, hivyo gia moja ya kupunguza mzunguko kwa kama mara nane inatosha kwa safari nzima. Hapo ndipo penye siri ya kuwaacha wenzako kwenye taa. Nairobi kuna sababu ya pili. Mji uko kama mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja ya sita. Injini ya petroli isiyo na tabo hupoteza nguvu kwa kiasi hichohicho, kwa kuwa inahitaji hewa ili ichome mafuta. Mota haipumui. Tena hewa hiyo nyepesi hulizuia gari kidogo zaidi barabarani, kwa hiyo mwinuko wa Nairobi, ambao wengi huuhofia, kwa safari za mjini humo unakusaidia.

Kuhusu udogo wa betri, nakuomba uitazame namba hii vizuri, kwa sababu inaeleza karibu kila jambo katika ukurasa huu. Lita moja ya petroli ina nishati ya kama uniti 9. Betri ya uniti 24 ikijaa kabisa, basi, ina nishati pungufu ya ile iliyo katika lita tatu za petroli. Gari la petroli lisingefika mbali kwa lita tatu, kwa maana kati ya nishati inayoingia kwenye injini ni kama robo tu inayofika kwenye magurudumu. Iliyobaki hutoka kama joto kupitia rejeta na bomba la moshi. Mota na inveta hupeleka kwenye magurudumu karibu sehemu tisa kati ya kumi. Ndiyo maana gari la umeme hufika kilomita zaidi ya mia kwa nishati ndogo namna hiyo. Lakini ndiyo maana vilevile upepo, mlima, matairi na kiyoyozi huonekana sana kwenye masafa yake. Katika gari la petroli vitu hivyo vimefunikwa na hasara kubwa ya injini, na dereva hakuwahi kuviona.

Mhandisi, ninasafiri mara kwa mara kati ya Dodoma na Morogoro. Gari la petroli hula kidogo zaidi barabara kuu kuliko mjini, lakini naambiwa la umeme ni kinyume chake. Je, ni kweli? Na mwendo gani unafaa? — Msomaji wa Dodoma

Ni kweli. Mjini injini ya petroli huungurama bure kwenye foleni na hufanya kazi pasipo ufanisi, wakati mota ikisimama haili chochote. Barabara kuu ndiko gari la umeme linakokutana na adui wake wa kweli, yaani hewa.

Gari linalokwenda mwendo usiobadilika kwenye tambarare linashindana na vitu viwili. Cha kwanza ni ukinzani wa matairi, ambao haubadiliki sana kwa mwendo. Cha pili ni hewa, na ukinzani wake hukua kwa mraba wa mwendo: ukiongeza mwendo mara mbili, hewa inakuzuia mara nne. Kwa gari la ukubwa wa Leaf, lenye tani moja na nusu hivi, vitu hivyo viwili hulingana kwenye mwendo wa kilomita 70 na ushee kwa saa. Chini ya hapo unalipia zaidi matairi. Juu ya hapo unalipia zaidi hewa, na ukifika kilomita 100 kwa saa hewa inakula karibu mara mbili ya matairi.

Kwa hesabu yangu ya makadirio, katika barabara tambarare, bila upepo na bila kiyoyozi, gari hilo litakwenda kilomita 8 kwa uniti kwenye mwendo wa 80, kilomita 6 na nusu kwenye mwendo wa 100, na kilomita 5 tu kwenye mwendo wa 120. Mwenye uniti 30 za kutumia atafika kilomita 240, au 195, au 150, kutegemea mguu wake wa kulia. Anayekwenda 80 badala ya 100 huchelewa robo saa kwa kila kilomita 100, lakini huokoa kama uniti tatu. Kwa mtu atakayechaji kwenye soketi ya kawaida ya ukutani, ambayo huingiza uniti mbili hivi kwa saa, uniti tatu ni saa moja na nusu ya kusubiri. Aliyekimbia, basi, amechelewa.

Barabara zetu zina jambo jingine ambalo vipimo vya Japani na Ulaya havilijui: matuta. Kila unapotoka kwenye mwendo wa 80, ukashuka hadi 20 kwa ajili ya tuta, kisha ukarudi 80, kinachohusika ni kama sehemu moja ya kumi ya uniti. Ukiliona tuta karibu ukazikanyaga breki kwa nguvu, sehemu kubwa hugeuka joto kwenye diski na kupotea. Ukiliona mapema ukaachia pedali, magurudumu huizungusha mota, mota huwa jenereta, na zaidi ya nusu ya nishati hiyo hurudi kwenye betri. Katika safari yenye matuta thelathini tofauti kati ya madereva hao wawili ni uniti moja na nusu au zaidi, yaani zaidi ya kilomita 10. Vibao vya 50 vijijini, ambavyo madereva wengi huvilalamikia, kwa gari la umeme ni kilomita za bure.

Matairi yapimwe upepo yakiwa ya baridi, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Keria isiyobeba kitu ishushwe. Barabara ya changarawe huongeza ukinzani wa matairi, na mvua pia, kwa sababu gurudumu hulazimika kusukuma maji. Siku kama hizo jiwekee akiba kubwa zaidi.

Ndugu Mhandisi, mimi ni mwalimu mstaafu, nakaa Lushoto. Mwanangu aliyeko Tanga anataka kuniletea gari la umeme. Majirani wanasema mlima wa kutoka Mombo utaimaliza betri kabla sijafika Soni. — Msomaji wa Lushoto

Shikamoo Mwalimu. Swali lako ni la fizikia ya kidato cha pili, na nafurahi kulijibu kwa hesabu. Kulipandisha gari lenye watu wake, jumla ya kilo 1,600, kwa mita 1,000 kwenda juu kunahitaji kama uniti 4.4 kwenye magurudumu, uwe umepanda taratibu au kwa haraka. Mombo iko kama mita 400 juu ya bahari na Lushoto kama 1,400, kwa hiyo hiyo ndiyo gharama ya mlima wenu. Ongeza kilomita 33 za matairi na hewa kwa mwendo mdogo wa kona zile, pamoja na hasara za mota, na jumla inakuwa karibu uniti 8. Ni nyingi, kwa kuwa ni kilomita 4 tu kwa uniti, lakini gari lenye uniti 15 litakufikisha nyumbani likiwa bado na nusu ya chaji.

Majirani hawajahesabu safari ya kushuka. Kutoka Lushoto hadi Mombo mlima hukurudishia zile uniti 4.4. Kama mbili zinatumika kuyashinda matairi na hewa, na katika zinazobaki mota inaweza kuingiza kwenye betri uniti moja na robo tatu hivi. Utafika Mombo ukiwa na chaji nyingi kuliko uliyotoka nayo Lushoto. Ukijumlisha kwenda na kurudi, kilomita 66 zimekula kama uniti 6, na hiyo haitofautiani sana na matumizi ya barabara ya tambarare.

Lipo sharti moja, Mwalimu, nami nalisisitiza kwa sababu linagusa usalama. Betri iliyojaa kabisa haiwezi kupokea umeme. Ukichaji mpaka asilimia 100 nyumbani Lushoto kisha ukaanza kushuka asubuhi, gari halitajizuia lenyewe unapoachia pedali, na mzigo wote utaangukia breki za kawaida kwenye mteremko mrefu wenye kona kali. Toka nyumbani ukiwa na asilimia 80 au 85, kama gari lina gia ya B iweke hiyo badala ya D, kwa kuwa huongeza nguvu ya mota kulizuia gari, na breki za miguu zibaki kwa dharura na kwa kusimama.

Kaka Mhandisi, nikitoka kazini Posta kurudi Tabata kwenye foleni natumia kiyoyozi, na mume wangu analalamika kwamba namaliza chaji. Nizime nifungue madirisha? — Msomaji wa Tabata, Dar es Salaam

Dada yangu, mumeo ana hoja, ingawa si kwa siku zote. Kiyoyozi hula kwa saa, hakili kwa kilomita. Katika joto la Dar es Salaam, chumba cha gari kikishapoa, kitatumia kama uniti moja kwa saa. Ukiwa barabara kuu kwenye mwendo wa 80, saa hiyo moja umekwenda kilomita 80 na umetumia uniti 10 kwa mwendo, hivyo moja ya kiyoyozi haionekani. Ukiwa kwenye foleni, ukatumia saa mbili kwa kilomita 12, mwendo umekula uniti moja na nusu, na kiyoyozi kimekula mbili. Kimeizidi mota.

Gharama kubwa ni ya dakika za mwanzo, gari likiwa limeokwa na jua. Fungua milango yote kwanza, hewa ya moto itoke, ndipo uwashe. Kama ofisini mna soketi ya kuchaji, liwashe gari lipoe likiwa bado limechomekwa, ili ubaridi huo ulipiwe na umeme wa ukutani. Madirisha yakifunguliwa kwenye foleni hayana hasara yoyote. Yafunge tu ukishazidi mwendo wa 80, kwani hapo upepo unaoingia hulizuia gari. Kwa safari zako za mjini, ambazo hazimalizi hata nusu ya betri, sioni sababu ya kuteseka na joto.

Mhandisi, nimezaliwa Kisumu, sasa naishi Minneapolis. Gari langu hupoteza masafa mengi sana kila Januari. Je, betri imeharibika? — Msomaji wa Marekani

Ikirudi katika hali yake mwezi Mei, haijaharibika. Mwaka 2019 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kiliyapima magari ya umeme katika baridi ya nyuzi 7 chini ya sifuri za selsiasi, hita ikiwa imewashwa, na kwa wastani masafa yalipungua kwa asilimia 41.

Sababu kubwa ni hita yenyewe. Gari la petroli huwapasha joto abiria kwa joto ambalo injini ingelitupa, wakati mota haina joto la kutupa. Hita ya koili inaweza kuvuta kilowati tano mwanzoni, na magari yenye pampu ya joto, yaani kifaa kinachochota joto kwenye hewa ya nje na kuliingiza ndani, hula pungufu sana ya hapo kwa joto lilelile. Pili, kemia ya betri hupooza kwenye baridi: seli hutoa umeme kwa ukinzani mkubwa zaidi, hupokea chaji polepole, na hukataa umeme unaorudishwa na breki mpaka zipate joto. Tatu ni hewa. Katika nyuzi 20 chini ya sifuri hewa ni nzito kwa karibu moja ya tano kuliko ya Mombasa yenye nyuzi 30, kwa hiyo hata ukizima hita bado unalipa zaidi. Lipashe gari joto likiwa kwenye chaja, unganisha safari zako fupi ziwe moja, na tegemea zaidi kiti chenye joto, ambacho hula wati chini ya mia. Wanorwe wana baridi kama yenu, na karibu magari mapya tisa kati ya kumi waliyonunua mwaka 2024 yalikuwa ya umeme.

Assalaam alaykum. Nina Leaf ya uniti 40, afya ya betri ni asilimia 90. Nataka kwenda Voi na kurudi Mombasa. Nitafika? Na chaji ikiniishia njiani litatokea nini? — Msomaji wa Likoni, Mombasa

Waalaykumu salaam. Betri yako itakupa kama uniti 33 za kutumia. Voi iko kama kilomita 150, na kwa mwendo wa 80 hizo ni uniti 19. Mji huo uko karibu mita 580 juu ya bahari, basi ongeza 3 za kupanda, na 2 za kiyoyozi kwa safari ya saa mbili. Jumla ni 24, na utafika ukiwa na 9. Ukienda 100 utafika ukiwa na 5 au 6, na upepo wa mbele ukivuma, hata hizo zitapungua. Kurudi ni kuteremka, kwa hiyo jiandae kwa uniti kama 19, pamoja na 4 za akiba. Maana yake ni kwamba ukiwa Voi unahitaji kuongeza 14, na kwenye soketi ya kawaida hizo ni saa saba. Lala huko, uchaji usiku, urudi asubuhi. Usisahau pia kwamba mita ya mwenyeji wako itahesabu kama 16, kwa maana sehemu ya umeme hupotea kama joto kwenye chaja na betri.

Ama chaji ikiisha, gari halizimiki ghafla. Kwanza litakuonya kwa taa na sauti. Ukiendelea, namba ya kilomita itatoweka na vistari vitabaki mahali pake. Hapo punguza mwendo hadi 40 au 50, zima kiyoyozi, na tafuta mahali salama pa kuchaji au kusimama. Mwisho itawaka alama ya kobe: nguvu hupunguzwa sana, na una muda mfupi tu wa kutoka barabarani. Usiifanye hatua hiyo kuwa sehemu ya hesabu zako za safari, kwa kuwa umbali utakaoupata baada ya vistari hutofautiana baina ya betri na betri.

Mwenye gari la kuvuta aambiwe mapema kwamba hili ni la umeme. Mota ya Leaf imeungana na magurudumu ya mbele moja kwa moja, bila klachi, na magurudumu hayo yakiburutwa chini mota huzalisha umeme usiotakiwa na inaweza kuharibika. Livutwe magurudumu ya mbele yakiwa yamenyanyuliwa, au libebwe zima juu ya lori, kisha lichomekwe kwenye chaji siku hiyohiyo, kwa maana betri iliyokauka ikiachwa siku nyingi seli zake huumia.